Jina Alilolitamka Mzee Longinus

Hapo zamani, lakini si zamani ya kutisha, zamani ambayo wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa na simu zilikuwa zimeshaingia mifukoni, aliishi Songea mtu aliyeitwa Longinus Mbano. Nisikilizeni vizuri tangu mwanzo, maana mimi sitahukumu. Mtahukumu ninyi.

Longinus alikuwa mkalimani wa mahakama. Mtu akiletwa hajui Kiswahili, anajua Kingoni tu, au Kimatengo, au Kiyao, Longinus alisimama kati yake na hakimu. Hakimu akisema, Longinus alisema. Mshtakiwa akilalamika, Longinus alilalamika kwa maneno yale yale. Hakuongeza, hakupunguza. Hata waliofungwa walikiri kwamba ulimi wa mzee yule haukuwa na upande.

Asubuhi moja alikuwa anatafsiri kesi ya shamba. Shahidi akamaliza, hakimu akamgeukia Longinus, Longinus akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili wala Kingoni wala lugha ya mtu yeyote. Hakimu alidhani anatania. Halafu mkono wa kulia ukaning'inia, goti likalegea, na karani akamdaka kabla hajafika sakafuni. Kiharusi.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali ya misheni, alirudi nyumbani na neno moja tu, "kesho". Ukimsalimia, kesho. Ukimuuliza kama anataka chai, kesho. Akikasirika alisema kesho kwa ukali, akifurahi alisema kesho kwa upole, na alielewa kila kitu alichoambiwa, hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Wageni walimpigia kelele kama kiziwi. Wengine walimjadili mbele yake kama vile ameshazikwa. Taratibu wakaacha kuja.

Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki. Aliyekuwa naye nyumbani ni Osmunda Ngonyani, binti wa dada yake, ambaye mzee alimlea tangu binti akiwa sekondari. Osmunda alikuwa amesomea usindikaji wa vyakula chuoni na alisimamia ubora wa unga katika kiwanda kimoja pale mjini. Mwanamke mtulivu, wa maneno machache.

Ndiye aliyeona kwamba mjomba wake akinywa maji anakohoa, na akimaliza kula sauti yake inakuwa kama ya mtu aliye na maji kooni. Ndiye aliyeona homa inakuja, inaondoka, inarudi. Daktari alimweleza kwamba koo limelegea, chakula kinapita njia ya hewa na kwenda mapafuni, na wagonjwa wengi wa namna hii hufa kwa hilo, hata wakiwa wamepona kiharusi chenyewe. Osmunda akarudi nyumbani akafikiri. Uzito wa vitu ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku. Akaanza kumpikia uji wa uzito anaoujua yeye, akapondaponda ndizi na viazi, akayafanya hata maji yawe mazito kidogo ili yasikimbie kooni. Alimkalisha wima, akamfundisha kuinamisha kidevu kabla ya kumeza, na hakuruhusu mtu yeyote amlishe kwa haraka. Homa ikakoma. Longinus akaanza kunenepa.

Huyo ni Osmunda. Mkumbukeni.

Sasa Longinus alikuwa na mtoto mmoja wa kumzaa, Benigna, na huyu ndiye nitakayemfuata zaidi, kwa sababu ndiye aliyenisumbua mimi moyoni. Benigna alikuwa mpima ardhi. Hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alikuwa akitoka nje wakati wa mahubiri, azunguke kidogo, arudi. Ndiyo maana alisomea kazi ya kutembea porini na vigingi na mashine ya kupimia, na baba yake alipopatwa na mkasa alikuwa Tunduru akiweka bikoni, zile alama za zege, kwenye mipaka ya mashamba.

Akarudi. Akakaa mbele ya baba yake, akamwambia shikamoo. Baba akamtazama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Kesho."

Benigna akasimama, akatoka, akazunguka nyumba, akarudi, akakaa, akasimama tena.

Muda si mrefu alifika hospitalini mgeni kutoka Dar es Salaam, Bi Nasra, mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Alikaa wiki moja tu. Benigna hakuwahi kusikia kwamba kuna kazi ya namna hiyo, kazi ya kuwarudisha watu kwenye maneno yao. Alimfuata mama yule wodi hadi wodi, akimbebea mkoba, akiuliza, akiuliza tena. Siku ya mwisho akamuuliza ni nani anaifanya kazi hii katika mkoa wao. Bi Nasra akamjibu kwamba hakuna. Mkoa jirani je? Hakuna.

"Inasomewa wapi?" Benigna akauliza.

"Ni shahada ya uzamili. Umesomea nini?"

"Ardhi."

Bi Nasra akaupokea mkoba wake. Akamwambia kwamba "haiwezekani" si neno lake, lakini njia ni ndefu.

Tangu siku ile Benigna hakutulia. Aliandika maombi chuo hiki, akaandika chuo kile. Wakamjibu kwamba hana msingi, hajasoma muundo wa koo wala sikio, hajasoma matamshi, hajasoma makuzi ya mtoto, aanze na hayo kwanza. Akaanza na hayo. Alisoma kambini porini, kitabu kikiwa juu ya sanduku la mashine, wenzake wakicheza karata. Mkuu wake wa kazi alipoombwa awe mdhamini wake alikuna kichwa, akasema, "Naweza kuwaambia kwamba unanyoosha mpaka vizuri. Hilo litawasaidia nini hao wa mdomo?" Alimwandikia hata hivyo. Chuo kikamkataa. Akaomba tena, wakamkataa tena, safari hii kwa upole zaidi, na upole ule ulimuuma kuliko mara ya kwanza. Shangazi zake wakauliza kama ana akili timamu, kazi ya serikali anayo, anatafuta nini. Aliwaaga, akarudi porini. Alijua tu kwamba akipima shamba mchana kutwa, anachofikiria ni mdomo wa baba yake.

Huyo ni Benigna. Naye mkumbukeni.

Wa tatu ni Kastori Komba, mwalimu wa muziki wa sekondari na mpiga kinanda wa parokia. Hakuwa ndugu. Longinus aliwahi kumwombea nafasi ya shule alipofiwa na baba, basi Kastori alimhesabu kama mzazi. Lakini mzazi huyo alipougua, Kastori hakutia mguu pale nyumbani kwa miezi mingi. Aliogopa. Hakuweza kuvumilia kumwona mtu yule akiwa bubu, na alisema hivyo mwenyewe, bila kuficha.

Alipojikaza akaja, hakujua la kuzungumza. Akaanza kuimba tu, kwa aibu, wimbo wa zamani wa kwaya ambao Longinus aliupenda. Na Longinus akaimba naye. Si mluzi wala mguno. Maneno, beti nzima, wazi kabisa. Osmunda aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni.

Kuanzia hapo Kastori alikuja kila alipopata nafasi. Alichukua sentensi za kawaida akazitia ndani ya sauti, naomba maji, naumwa mgongo, nani amekuja, akaziimba na mzee huku akimgongagonga mkono wa kushoto kwa mapigo. Polepole akapunguza wimbo, akaacha mapigo tu, kisha akaacha na mapigo. Siku Longinus aliposema "naomba maji" kama mtu yeyote anavyoomba maji, mwalimu yule alitoka nje akalia. Baadaye akaipeleka njia hiyo wodini, na wagonjwa wengine wawili watatu wakafunguka.

Lakini maneno ya Kastori yalikuwa yale yaliyofundishwa. Longinus aliweza kuomba maji. Hakuweza kusema kilicho moyoni mwake.

Hapo ndipo Benigna alipoingia na fujo yake. Alichukua likizo bila malipo, akamkalisha baba yake mezani na picha, asubuhi mpaka jioni. Hii nini? Sema. Hii nini? Sema tena. Alimsukuma mzee kama mtu anayesukuma gari lililozima. Siku moja Longinus alizifagia picha zote zikaanguka chini, akaficha uso, na kwa muda mrefu hakusema neno lolote, hata ile "naomba maji" ya Kastori ikapotea. Osmunda alikasirika kimyakimya. Kastori alikasirika kwa sauti. Alimwambia Benigna kwamba kilichojengwa na wenzake amekibomoa.

Benigna hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Alizunguka nyumba sana siku hizo. Akafikiri kwa njia aliyoizoea, kwamba ukiwa na bikoni moja ambayo una uhakika nayo, unaweza kwenda kuitafuta iliyopotea. Akaacha picha, akaacha meza. Akamshika baba mkono, wakatoka kutembea. Walikwenda sokoni, shambani, kituo cha mabasi. Pale baba aliposhika neno moja, Benigna alisimama naye hapo hapo, bila kumharakisha, mpaka lije la jirani yake. Kwa mtu asiyeweza kukaa, kusimama namna ile kulikuwa mateso. Alisimama.

Na siku moja walipofika kwenye uzio wa mahakama, Longinus aliegemea nguzo, akatazama ndani, akasema taratibu, neno baada ya neno, "Hapa mimi nilikuwa nasema kweli."

Hakuna aliyemfundisha sentensi ile. Haikuwa kwenye wimbo wowote.

Sasa mtanziko wenyewe ukaja. Hospitali ya misheni ikatangaza kwamba itamdhamini mtu mmoja akasomee tiba ya usemi, arudi awahudumie watu wa mkoa. Chuo kilikuwa kimekubali kumpokea mtu wa fani yoyote mradi awe na shahada ya kwanza na awe ameshamsaidia mtu kusema. Kiti kimoja. Benigna aliomba siku ile ile. Kastori naye aliomba. Na Osmunda, ambaye hakuna aliyemtegemea, aliomba.

Benigna alipolijua hilo hakula chakula cha mchana. Alimuuliza Osmunda tangu lini anaitaka kazi hii. Osmunda akamjibu kwamba hakuwahi kuiota, ila ameifanya, na anataka kuijua vizuri zaidi ya kubahatisha jikoni.

Wakaitwa wote watatu, na Longinus akaombwa aje, kwa kuwa maombi yalikuwa matatu na mgonjwa alikuwa yule yule mmoja. Nyuma ya meza walikaa Sista Fulgensia, mkuu wa hospitali, na Bi Nasra aliyetoka Dar kwa niaba ya chuo.

Osmunda alianza. Alisema, "Sista, mtu aliyekufa hafundishwi kusema. Mimi nilihakikisha mjomba haendi kaburini kwa kijiko cha uji. Hawa wenzangu walipokuja walimkuta hai." Bi Nasra akatikisa kichwa kukubali, akasema koo ni nusu ya kazi yao.

Kastori akafuata. "Aliyekuwa hai alikuwa na neno moja. Mimi nilimpa mengine. Na si yeye peke yake, wapo wodini hapa mnaowaona. Nilichelewa kwenda, hilo nalikiri. Lakini nilipokwenda, alifunguka."

Benigna alisimama wakati wenzake walikuwa wamekaa. Sista akamuuliza, "Wewe unatoka kwenye mipaka ya mashamba. Koo la binadamu umelijulia wapi?"

"Nimelisoma, Sista, na mitihani nimefanya. Lakini hilo silo ninalolitegemea. Dada Osmunda alimwokoa, mwalimu alimwimbisha. Mimi nilikaa naye mpaka akasema la kwake mwenyewe. Na nimekuwa nikiomba kazi hii tangu kabla ninyi hamjatangaza, nikakataliwa, nikarudi. Mkinikataa leo nitaomba tena." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba aliwahi kumuumiza baba yake kwa haraka yake, na kwamba anaogopa bado anayo haraka ile.

Sista na Bi Nasra wakanong'onezana. Hawakuafikiana. Mwishowe Sista akasema aulizwe mwenyewe mwenye mdomo. Bi Nasra hakupendezwa, lakini akakubali.

"Mzee Longinus," Sista akasema, "kiti ni kimoja. Kati ya watoto hawa, nani akasome?"

Longinus akasimama kama alivyokuwa akisimama mahakamani. Akaushika mkono wa Kastori aliyekuwa karibu naye. Akawatazama mmoja mmoja. Mdomo ukahangaika, ukafunga, ukafunguka.

"Osmunda," akasema.

Wazi kabisa. Sista akashusha pumzi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Sista hakulijua. Maneno ya Longinus yalikuwa yamerudi, majina hayakuwa yamerudi yote. Mabinti wawili wa nyumba ile walichanganyika kichwani mwake. Akimtaka Benigna aje watembee, aliita Osmunda. Akimsifu Benigna kwa majirani, alisema Osmunda. Na akimtaka Osmunda mwenyewe, pengine alisema Osmunda vilevile, pengine Benigna. Wa nyumbani walishazoea, wakaitika tu kwa kufuata macho yake. Na pale mbele ya meza, alipolitamka jina lile, macho yalikuwa yameinamia sakafu.

Damu ilimpanda Benigna kichwani. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, kwamba jina hilo ndilo analoniitia mimi. Akamtazama baba yake, amesimama wima, mtu wa mahakama tena baada ya muda wote ule. Akisema, atakuwa amewaambia watu wale kwamba mzee hajui anachokisema, na wao wataanza kumjadili mbele yake kama vile hayupo. Akanyamaza. Akatoka nje, akaenda mpaka kwenye bomba la uani, akarudi, akaenda tena.

Osmunda akamfuata.

"Mbona hukusema?" akamuuliza.

"Kusema nini?"

"Unakijua. Nami nakijua."

"Kataja jina lako, dada. Nenda kasome."

"Ananiita mimi Osmunda, na wewe anakuita Osmunda. Huenda leo ni mimi kweli," Osmunda akasema. "Lakini siwezi kulala Dar usiku kucha nikijiuliza kama nimelalia kitanda chako."

Akageuka, akaingia ndani, akamweleza Sista kila kitu, mwenyewe, bila kuombwa.

Kastori ndiye aliyefuata kusema. Alisema yeye alishikwa mkono wakati jina linatamkwa, na mtu mwingine angejidanganya kwa hilo, lakini mzee alikuwa anatafuta pa kujishikiza tu. Akashauri mzee aulizwe tena, safari hii amwonyeshe anayemtaka kwa kidole, mambo yaishe.

Bi Nasra akamsogelea Longinus, akamwomba kwa heshima zote amwonyeshe.

Longinus alimtazama kwa muda mrefu. Akawatazama wale watatu, na Benigna alikuwa amerudi amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mkono wa kushoto ukanyanyuka kidogo, ukarudi chini. Uso wa mzee ukawa mgumu, uso wa mkalimani ambaye hakimu amemtilia shaka.

"Nimeshasema," akajibu, akakaa.

Na hakurudia, siku ile wala siku nyingine. Nyumbani walimbembeleza, akawajibu hivyo hivyo. Hakuna ajuaye kama alikataa kwa sababu jina lilikuwa sahihi, au kwa sababu alijua limemponyoka na aliona aibu, au kwa sababu wote watatu walikuwa wake.

Bi Nasra alikuwa anaondoka asubuhi, na chuo kilimtaka aondoke na jina moja. Sista Fulgensia akatoka kanisani baada ya misa, akamkuta ameshapanda gari. Akalisogelea dirisha, akamtajia jina.

Mmoja alikwenda. Nawahakikishia, alikwenda, akasoma, akarudi. Leo pale hospitalini kuna chumba mwishoni mwa korido, na akina mama wanatoka Namtumbo na Mbinga na watoto wao wasiosema, na wazee waliopigwa na kiharusi wanaletwa na wake zao. Nimewahi kuingia. Aliyekaa mle ndani namjua kwa jina na kwa uso, na kazi yake naijua. Lakini siwatajii, kwa sababu nikiwatajia mtasema ndiye, na mtaacha kufikiri.

Yupo aliyemwokoa asife, ambaye jina lake lilitamkwa, na ambaye hakukubali kulichukua gizani. Yupo aliyemfungua mdomo, aliyechelewa, lakini aliyewafungua na wengine. Yupo aliyeitamani kazi hii kuliko wote, aliyembomoa mzee kisha akamsimamisha, na ambaye huenda ndiye aliyeitwa, akanyamaza ili baba yake abaki na heshima yake.

Haya, semeni ninyi. Wewe uliye mlangoni, anza. Je, kiti kile, nani alistahili kukikalia?